Huku Kuna Hali ya Hewa

9 Januari

Bibi yangu mpenzi,

Shikamoo. U hali gani, na goti lako bado linakusumbua kwenye ngazi za kanisa? Mimi ni mzima. Nalala vizuri kuliko mwaka jana, ingawa bado nasikiliza kila gari linalopunguza mwendo.

Nimehama tena, na safari hii sitakuambia nimehamia wapi. Tafadhali usiiweke barua chini kwa hasira, malizia kwanza. Nimeingia kwenye mpango wa jimbo unaoficha makazi ya watu waliodhuriwa. Sote tunatumia anwani moja, sanduku la posta la mji wa Saint Paul, kila mtu na namba ya fungu lake. Barua yako ikifika hapo, watu wa ofisini wanaitia kwenye bahasha nyingine na kuituma kwangu. Hata zangu zinapitia kwao, ili muhuri wa posta usinisaliti.

Unajua kwa nini nakuficha hata wewe. Juni iliyopita, katika safu yako ya gazeti la Varsund, uliandika: "Britta, mjukuu wa mwandishi, amehamia nyumba ya buluu nyuma ya duka la mikate, Kelby. Mwandishi alimtembelea Jumapili, wakala pai ya tufaha." Siku nane baadaye Roy, mume niliyemwacha, alisimama mlangoni kwangu, gazeti limekunjwa mfukoni. Alivunja mlango, kisha mkono wangu.

Hukukusudia, najua. Lakini miaka thelathini na moja umeandika nani kamtembelea nani na wamekula nini. Sijui kama unaweza kuacha.

Nisamehe.

Mjukuu wako, Britta
S.L.P. 4418, Fungu 263, Saint Paul


27 Januari

Mjukuu wangu Britta,

Marahaba. Goti ni lilelile. Ziwa limeganda sawasawa, na gari bovu la mwaka huu wameshalisukuma juu ya barafu. Mji mzima unabahatisha siku barafu itakapoyeyuka lizame. Mimi nimechagua tarehe kumi na saba Aprili.

Juu ya Juni sina la kujitetea. Nililia wakati ule, nimelia na leo.

Lakini Britta, mnaishi watu wangapi kwenye sanduku moja? Nilikutumia viazi vya kuoka na nyama ya kusaga, vile unavyovipenda, bakuli nimelifunga kwa taulo mbili. Simu ikalia. Mama mmoja wa ofisini, sauti ya upole:

"Bibi Ardis, hatupeleki chakula."

"Si chakula, mwanangu, ni viazi."

"Vinavuja, Bibi."

"Basi kuleni nyinyi, mradi taulo zangu zirudi."

Zimerudi, zimefuliwa na kukunjwa. Nikamuuliza kwa hila kama huko uliko theluji ni nyingi. Akasema, "Bibi, hata ningejua nisingekuambia." Nilikata simu kwa hasira, na kabla maji ya kahawa hayajachemka nilikuwa nimefurahi: Roy naye angejibiwa hivyohivyo.

Niambie basi hata kidogo. Huko kukoje?

Bibi yako


16 Februari

Bibi yangu,

Shikamoo. Natumaini u mzima na barafu ya barazani umeimwagia chumvi. Mimi sijambo.

Huku kuna hali ya hewa. Jana nilinunua mkate dukani. Nina jirani, naye ana mnyama.

Usicheke. Barua hii nimeichana mara nne. Ya kwanza ilitaja daraja, ya pili ilitaja harufu ya kiwanda. Kila nikiandika jambo la kweli namwona Roy akilisoma, polepole, kwa kidole. Nilikaa chuo kikuu miaka sita nikijifunza kupanga nyaraka ili watu wapate wanachokitafuta. Sasa kila jioni najipanga mwenyewe nisipatikane, na wakati mwingine nakaa mezani nikijiuliza kimebaki nini cha kupatikana.

Niseme ukweli mmoja unaoniuma. Mpango haunizuii kukuambia nilipo. Ninayezuia ni mimi.

Mjukuu wako, Britta


4 Machi

Mjukuu wangu,

Marahaba. Mimi mzima, ila sijambo kwa shida. Kuna hali ya hewa! Jirani ana mnyama! Ningepeleka habari kama hizo gazetini, mhariri angenipima homa.

LaVonne wa nyumba ya pili alikaa jikoni kwangu muda wa saa mbili akiitazama bahasha yako.

"Ardis, muhuri unasema Saint Paul."

"Zote zinasema Saint Paul."

"Basi yuko Saint Paul!"

"LaVonne, kunywa kahawa yako."

Sasa kaa chini. Jumatano, kwenye supu ya Kwaresima, chumba cha chini cha kanisa, Roy aliingia. Alikula mabakuli mawili, kisha akaja mezani kwangu.

"Bibi, Britta yuko wapi? Nataka kumwomba radhi tu."

"Sijui."

"Wewe? Wewe unajua hata siku LaVonne anayobadilisha shuka!"

"Jumatatu," nikasema. "Lakini Britta sijui."

Vijiko vyote viliwekwa chini. Tangu nianze safu ile sijawahi kusema "sijui" mbele za watu. Ilinitoka kirahisi kwa sababu ilikuwa kweli. Nilipofika nyumbani nilifunga mlango kwa ufunguo, kisha nikauegemezea kiti. Ningekuwa najua, Britta, uso wangu ungemwambia.

Soma kipande cha gazeti nilichokitia humu, na usiogope.

Bibi yako

*("Wengi wanamuulizia Britta, mjukuu wa mwandishi. Anayetaka kumwandikia atumie: S.L.P. 4418, Fungu 263, Saint Paul.")*


20 Machi

Bibi,

Shikamoo. Nimekiona kipande. Umefanya tena.

Britta


8 Aprili

Mjukuu wangu Britta,

Sijui kama utaifungua hii. Nakusalimu hata hivyo, na nakuulizia afya yako, hata kama hutanijibu.

Kabla ya kuandika lile tangazo nilimpigia yule mama wa ofisini. Nikamuuliza, anwani ile ni siri? Akasema, "Hapana, Bibi, kazi yake ndiyo hiyo, kujulikana." Katika safu yangu sijawahi kuandika uongo, na wala ule haukuwa uongo.

Roy alisoma. Aliendesha gari muda wa saa nne mpaka Saint Paul, ilhali mahakama imemkataza hata kukutafuta. Haya nimeyapata kwa LaVonne, na yeye kwa mwanawe ambaye ni askari wa sherifu, polisi wa wilaya. Roy alisimama posta siku mbili, amekodoa macho kwenye kijilango cha bati kisichozidi kiganja. Siku ya pili karani akamfuata.

"Bwana, nikusaidie?"

"Namsubiri mke wangu."

"Sanduku gani?"

"4418."

"Hilo ni la watu elfu tatu, bwana. Na hakuna hata mmoja wao anayekuja hapa."

Karani akaita polisi. Walimkuta na gazeti langu mfukoni, limekunjwa vilevile. Hakimu amempa miezi kumi.

Najua miezi huisha. Sikuombi uniambie ulipo. Nauogopa uso wangu, hasa LaVonne akija na keki.

Gari lilizama tarehe tatu. Nimekosa kwa wiki mbili.

Bibi yako


2 Mei

Bibi yangu mpenzi,

Shikamoo, na shikamoo tena kwa ile niliyokupa Machi bila moyo. Goti linaendeleaje? Mimi ni mzima, na jana nilisahau kusikiliza magari mpaka saa tano.

Nimeisoma barua yako kila siku kwa wiki tatu. Mwanzoni nilitafuta mahali ulipokosea, maana hasira ilikuwa imenizoea. Kisha nikaanza kurudia sentensi moja tu, ile ya kuuogopa uso wako. Mwaka jana usingeiandika. Nami nilikuwa nimekupanga kwenye jalada la mwaka jana, nikalifunga.

Ndani ya bahasha kuna karatasi ndogo yenye mji, mtaa na namba ya nyumba. Ikariri, kisha ichome. Basi linafika huku. Kitanda kipo, oveni ipo.

Naogopa ninapoandika haya. Naandika hivyo hivyo. Nimechoka kuwa na jirani mwenye mnyama tu.

Sharti ni moja, na unalijua.

Mjukuu wako, Britta


*(Kipande cha gazeti, 6 Juni)*

HABARI ZA VARSUND
na Ardis Tollerud

LaVonne Stensrud alibadilisha shuka Jumanne badala ya Jumatatu, kwa sababu ya mvua.

Familia ya Ekdahl ilipata wageni wanne wa kutoka Duluth. Walikula bata mzinga na maharagwe mabichi. Mgeni mmoja aliteleza bafuni lakini hakuumia.

Gari la ziwani limeopolewa. Ndani alikutwa samaki.

Mwandishi wa safu hii alikuwa safarini siku sita. Huko alikokwenda kulikuwa na hali ya hewa. Alinunua mkate dukani. Jirani ana mnyama.

*(Pembeni, kwa penseli:)*

LaVonne ameleta keki mara tatu. Zote nimekula, na sasa haongei nami. Zile taulo mbili nilizofungia bakuli nimeziacha kwako makusudi.

Bibi yako