Utando wa Mwisho, Nikiwa Matangani

Kirushya, Jumamosi. Mvua imegoma kukatika tangu alfajiri, na mimi nina hasira tele.

Utando wangu wa mwisho umeharibika.

Nilirudi nyumbani kwa matanga ya baba, nikamwachia Deo, mwenzangu wa maabara, kazi ya siku moja. Apige leza kidonge cha manganaiti, ile oksidi yenye usumaku, mvuke wake utande juu ya fuwele ya moto, kisha aupoze polepole ndani ya oksijeni. Nilimpa hadi picha ya ukurasa wa daftari langu. Yeye kafunga oksijeni, kazima mashine, kaenda zake kutazama mpira! Leo kaniomba radhi, kanitumia na vipimo: usumaku hakuna, umeme haupiti. Kidonge nacho kimekwisha. Sura nzima ya tasnifu yangu ilitegemea utando ule. Bila oksijeni wakati wa kupoa manganaiti ni takataka, nani asiyejua hilo jamani?

Nilimtukana. Halafu nikamwandikia msimamizi wetu kwamba Deo hafai kugusa hata swichi ya taa.

Saa kumi nikaenda migombani, bado nafura, kuangalia ndizi alizovumbika mama shimoni ziive kwa ajili ya pombe ya matanga. Nikafukua udongo, nikafunua majani nione zimefikia wapi. Joto likanipiga usoni.

Mama alikuja mbio, kanga kichwani. "Nani kakutuma? Umelitoa joto lote! Hizo sasa zitadumaa hivyo hivyo."

Nikasema hakuniambia.

"Nikuambie kitu ambacho kila mtu anakijua?"

Nikaingia ndani, nikafungua daftari. Joto la fuwele nimeandika. Kiasi cha oksijeni wakati wa leza, nimeandika. Mapigo ya leza, nimeandika. Kupoza ndani ya oksijeni sikuandika popote, wala sikumtamkia Deo. Nimefanya hivyo miaka mitatu, mikono inakwenda yenyewe. Deo ana mwezi mmoja kwenye mashine ile.

Bado namkasirikia. Angeuliza, simu anayo! Ila sasa najikasirikia zaidi, na hiyo inauma vibaya.

Jioni shangazi alikuja kuuliza kwa nini ndizi hazijaiva na wageni wanakuja. Nilikuwa nimekaa palepale, nikangoja nitajwe. Mama akasema mvua iliingia shimoni, akaendelea kumenya maharage.

Mimi nilimtaja Deo kabla hata hajamaliza kuniomba radhi.

Namwandikia msimamizi tena. Safari hii jina ni langu.