Mstari Wangu Chini ya Namba Zake

Nyumbani, chumba cha kupigia pasi
Jumatano, 14 Mei. Asubuhi mawingu mazito, upepo kidogo.

Mpendwa dada,

Salamu nyingi. Goti lako linaendeleaje, na shemeji amepona kikohozi? Sisi tu wazima. Mama anakula vizuri na anagomba vizuri, kwa hiyo usiwe na wasiwasi.

Nimesikia umempigia wifi simu kumsifu kwa tovuti ya biashara yetu ya udobi. Kusifu si vibaya. Lakini mazungumzo marefu vile, nami niko chumba cha pili nakunja mashuka, wala hukuniulizia.

Unajua tovuti ile ilikuwa kurasa zilizokwisha kuandikwa, kama tangazo la ukutani: halibadiliki mpaka mtu alibandue. Kila asubuhi nilipanda juu ya paa, nikatazama mbingu, nikashuka kuandika humo mstari mmoja ili wateja wajue kama nguo zitakauka. "Leo jua la uongo. Leteni mashati, mablanketi yasubiri." Ulikuwa ukiniambia kwamba ukiusoma huko ugenini unajiona uko nyumbani.

Wifi akaufuta. Sasa ukurasa, kila unapofunguliwa, unakwenda wenyewe kuuliza kompyuta ya kituo cha hali ya hewa, unarudi na nyuzi joto na kipicha cha wingu. Njia hiyo ya kuulizia wanaiita API. Kaka anaitaja kwa wateja utadhani ni mtoto wake wa kwanza. Fundi viatu jirani naye hakuniacha: "Kwenu mna wifi mbili sasa, moja ya kwenye kisanduku cha intaneti, moja ya kwenye ndoa, na zote zina kasi." Watu wakacheka. Nami nikacheka, kwa meno tu.

Jana kipicha kilikuwa cha jua. Tukaanika mashuka ya hoteli juu ya paa. Kituo chenyewe kiko upande wa pili wa kilima, na huko labda jua liliwaka. Kwetu mvua ilimwagika. Nilipofika juu nilimkuta wifi ananyang'anyana mashuka na upepo. Nikamwambia, "Iulize sasa hiyo API yako."

Akalitazama gauni langu la bluu likichuruzika kwenye kamba. "Na hili, wifi, nani kalianika?"

Nililianika mwenyewe, bila kutazama juu.

"Wewe ndiye mtu wa huku juu," akasema. "Nilidhani ungetuambia."

"Mmeuliza kituo. Mimi hamkuniuliza."

Jioni wifi akaurudisha mstari wangu, chini ya namba zake, kwa herufi ndogo. Herufi ndogo, dada. Kaka anasema nishukuru. Usiku nikautunga wa leo, nikaufuta, nikautunga tena. Usingizi ulinichukua saa sita na robo.

Sasa nijibu, na jibu lije kwangu, lisipitie kwake: ukifungua ukurasa, jicho lako linakwenda wapi kwanza? Kama ni kwenye namba, sema. Nitanuna, kisha nitaandika vizuri zaidi.

Msalimie shemeji na mapacha. Mama anawaombea riziki ya halali na usingizi mtulivu. Wifi naye anakusalimu. Kaniomba niandike, nami nimeandika.

Ni mimi mdogo wako, nikupendaye kuliko anavyokupenda yeye.