Kona ya Kwenye Taa

Buswelu, Jumanne usiku

Na bado sauti ya mtendaji wetu wa mtaa haijanitoka masikioni. Leo mkutanoni nimemuuliza kuhusu taa ya barabarani pale kona, ile ambayo haijawaka hata siku moja tangu nguzo isimamishwe. Akanijibu mbele za watu, "Mama, taa ipo. Kuwaka ni suala lingine." Na watu wakapiga makofi!

Lakini cheo cha kuitwa taa tumeipa wenyewe. Kona nzima tunaiita Kwenye Taa. Bodaboda wanaegesha Kwenye Taa, nyanya zinauzwa Kwenye Taa, na jua likizama kila mtu anapapasa ukuta wa jirani.

Saa moja na nusu Shangazi akapiga simu. Ametoka Bukoba, hajawahi kufika kwangu, miguu yake mibovu, na pale kuna mtaro usio na mfuniko. Nilikuwa natoka mbio kumpokea.

"Mwanangu, umeniambia nishukie kwenye taa. Mbona ni giza tupu?"

Na mimi, niliyemhoji mtendaji mchana, nikajibu bila hata kufikiri:

"Shikamoo, Shangazi. Washa tochi ya simu, utaiona."