Ufunguo wa Pili

Mdogo wangu,

Huku tu wazima. Paka wako amezaa ndani ya kiatu cha Mzee, na Mzee anashinda na kandambili. Ukimuuliza, eti kiatu kinambana.

Jingine ni la lori. Limezima tena palepale mlimani lilipokuzimikia wewe, safari hii akiliendesha Mzee mwenyewe. Fundi umeme akafungua kontroli boksi, ile kompyuta ya injini, akakuta maji yaliingia na kutu imeota humo. "Hii imeoza miaka," akasema. "Hapa dereva hana kosa." Mzee ndiye aliyemshikia tochi.

Boksi jingine limeshafungwa. Kilichobaki ni kulitambulisha funguo, na lazima ziwepo zote kwa pamoja. Usiokuwepo, lori litaukataa moja kwa moja. Wa pili uliondoka nao wewe, siku ile Mzee alipokuita mzembe, kwamba umemuulia injini.

Nikamwambia, "Baba, tutumie huu mmoja, unatosha." Akanijibu betri haina nguvu, fundi arudi wiki ijayo. Leo ni wiki ya tatu lori limelala uani, na mwenye mzigo wa saruji tuliokuwa tumbebee kashatafuta gari lingine. Kila asubuhi Mzee analifuta vioo, kisha anarudi kukaa.

Betri nimeipima mwenyewe. Ni nzima kabisa.

Kwa hiyo ufunguo usimpe mtu wa basi aulete. Uje nao.

Dada yako