Kibali cha Kasuku

Wanangu,

Chakula kipo jikoni, kipasheni moto. Dada mtu, mdogo wako aoge kwanza.

Nimempeleka kasuku ofisi ya wanyamapori. Leo ndiyo mwisho. Asiye na kibali ananyang'anywa ndege. ~~Acha wamchukue, kelele zake zimenichosha.~~ Hapana, nimeghairi.

Asubuhi nikinyoa ndevu nilisikia cherehani ikilia kwa jirani. Nikatoka mbio, povu shavuni, naita, "Mama Fundi, umerudi?" Mlango wake una kufuli vilevile. Kumbe ni kasuku tunduni, anaiga: trrr, kimya, trrr. Msinicheke.

Mama yule alinishonea kaptura yangu ya kwanza ya shule, na nyinyi akawashonea sare zenu. Alipohamia kwa mwanawe alituachia ndege huyu, na hati ya kunikabidhi akaisaini. Nikampigia simu palepale. Akasema, "Baba, macho hayaoni uzi tena. Cherehani nimeiuza."

Basi mlio ule umebaki kwa kasuku peke yake. Nitapanga foleni hata wafunge ofisi, kibali nitarudi nacho.

Karanga za kwenye kopo ni zake, msizimalize!

Baba yenu