Bega la Nekesa Limepona, Langu Bado

Jumapili, Agosti 2009. Kitale.

Leo kuna baridi ya kuuma masikio, na mawingu yamelala juu ya mahindi tangu asubuhi. Nimetoka kanisani nikaja moja kwa moja hapa saiba. Kompyuta niliyopewa, herufi ya N inakwama, na nitaihitaji sana leo kwa sababu ndiyo inayoanza jina la Nekesa. Hata kompyuta imechoka naye.

Wacha niseme tu. Nina wivu.

Si ule wivu mdogo wa kuona mtu na viatu vipya. Huu umenikaa kifuani tangu jana, hata chai ikipita naihisi inaupitia.

Kwa anayesoma hapa mara ya kwanza: mimi na Nekesa ni waogeleaji. Yeye ni wa Bungoma, mimi ni wa huku, shamba letu liko upande wa Kwanza. Tunafanya mazoezi bwawa moja hapa Kitale, chini ya kocha mmoja. Mwaka huu sote wawili tuliumia bega la kulia, mimi kwanza, yeye wiki tatu baadaye. Mwezi ujao timu ya wasichana ya kupokezana inaenda Kisumu. Inataka wanne na watatu wameshapatikana. Nafasi ya nne ni yangu au ni yake, na kocha atatujaribu Jumatano.

Jana nilienda Bungoma kwa Daktari Simiyu, fizio wetu anayetutibu mabega kwa mazoezi. Nilipofungua mlango nilimkuta Nekesa amesimama katikati ya chumba, mkono wa kulia ameuinua mpaka umegusa sikio. Hakukunja uso hata kidogo. Alikuwa anacheka.

"Sasa Wambui! Ona bana, umepanda wote!"

Nikamwambia, "Hongera, dada." Moyoni nilikuwa naomba bega lilie ko! mkono uanguke. Ngai anisamehe.

Wangu ulifika usawa wa bega ukakataa.

Sasa nieleze kwa nini, maana hapa ndipo aibu inapoanzia. Miezi miwili iliyopita Daktari alimpa kila mmoja wetu kipande cha mpira wa ndani wa tairi la baiskeli. Unaufunga kwenye nguzo, unabana kiwiko ubavuni, unavuta polepole kwenda nje mara kumi na tano, unapumzika, unarudia. Alitueleza vizuri kabisa. Mwogeleaji anazungusha bega lile lile mamia ya mara kila siku. Misuli ya mbele inapata nguvu, ile midogo ya nyuma inachoka, halafu bega linatoka kwenye mstari wake na kuanza kujisugua ndani. Dawa ni kuimarisha ile midogo, kisha kurudi majini kidogo kidogo.

Mimi nilicheka. Mikono hii imepalilia mahindi tangu darasa la tatu, ati leo ivute mpira wa baiskeli?

Mami naye akanipeleka kwa mama mmoja pale Kwanza anayejua kukanda. Alinipaka mafuta ya kukamulia ng'ombe, akanivuta mkono mpaka nikaona vimulimuli. "Lia tu," Mami akawa ananiambia, "uchungu ukitoka ndio unapona." Nikarudi nyumbani nimevimba na nikaamini nimetibiwa. Mpira wangu Mami aliutumia kufungia mlango wa banda la kuku. Uko huko mpaka leo.

Na kadi je? Kila siku ukifanya mazoezi unaweka tiki kwenye kadi. Ijumaa jioni nilikaa mezani nikajaza tiki za miezi miwili mara moja, huku nakula muhindi choma. Nilijiona mjanja kweli.

Daktari aliziweka kadi zetu pamoja. Ya Nekesa ilikuwa na tiki za bluu, tiki nyeusi, nyingine za penseli. Ilikuwa na doa la chai, matope, na kona moja imetafunwa na sijui mnyama gani. Siku nne hazikuwa na tiki, na kando ameandika "malaria". Yangu ilikuwa safi kama cheti cha ubatizo. Wino mmoja mwanzo hadi mwisho, na hakuna hata siku moja niliyougua.

Hakunigombeza. Afadhali angenigombeza.

Alingoja Nekesa atoke, ndipo akasema, "Wambui, kadi unaweza kudanganya, lakini bega hapana. Ukiogelea Jumatano utaliharibu kabisa. Nipe wiki sita za ukweli." Akanipa kadi mpya. Halafu akaona Nekesa amesahau mpira wake kwenye benchi, akanipa nimpelekee tukikutana bwawani.

Niliutia mkobani nikiwa tayari nimepanga kuutupa. Nilijua fundi yeyote wa baiskeli angemkatia mwingine kwa dakika moja. Bado nilitaka kuutupa.

Na lile baya zaidi niliandike pia. Njiani nilijiambia Daktari anampenda Nekesa kwa sababu ni mtu wao. Wanaongea Kibukusu wanacheka, mimi nakaa pale kama mgeni aliyekuja bila kualikwa. Nililibeba wazo hilo kutoka Bungoma mpaka Kimilili, na lilikuwa tamu. Kisha nikakumbuka ni Daktari huyo huyo aliyenipigia simu mara tatu kuniuliza naendeleaje na mazoezi. Mara zote tatu nilimdanganya.

Tulipokuwa tunaondoka Kimilili, simu ikalia. Ujumbe kutoka kwa Nekesa: "Mpira wangu uko na wewe? Tumia tu hiyo, niko na ingine. Fanya mikono zote mbili ata ile mzima. Daktari alisema nzima ndio ya kulinda."

Hata ule mzima! Mimi nimeshindwa kuutunza mkono mgonjwa, mwenzangu analinda ule mzima.

Laiti angekuwa mtu mbaya. Ingenisaidia sana.

Wahenga walisema wivu ni kidonda, ukishiriki utakonda. Mbona mimi sikondi? Tangu niache kuogelea sketi ya kanisani haifungi. Nimeshiriki wivu huu asubuhi na jioni, na bado nanenepa.

Jana jioni nilifunga mpira wa Nekesa kwenye nguzo ya zizi. Pale pa kushikia pamelainika na kung'aa kwa sababu ya mkono wake. Nikabana kiwiko, nikavuta. Mara ya sita bega likaanza kutetemeka. Mimi, niliyezoea kuinua gunia la mahindi bila kuomba msaada!

Mami alikuwa anakamua. Akageuka akaniangalia. "Sasa hiyo ni dawa gani? Si uvute kwa nguvu?"

"Ni polepole, Mami. Ndivyo inavyotakiwa."

Akacheka, akarudi kwa ng'ombe wake. Mimi nilitaka kulia. Kumi na tano sikufika. Nilifika tisa.

Nimeamua hivi. Jumatano nitaenda bwawani bila nguo ya kuogelea. Nitamwambia kocha mimi mwenyewe kwamba siko tayari, kwamba sikufanya mazoezi, na kwamba nafasi ni ya Nekesa. Nitamrudishia mpira wake, nimeshauosha. Mlango wa kuku Mami atautafutia kamba. Nekesa akiogelea nitampigia makofi. Sijui kama yatatoka moyoni, lakini nitapiga. Kisumu nilikuwa naiota tangu Januari, na wivu wangu haujaisha kwa sababu nimeandika maneno machache hapa. Niliamka nao leo na nimeenda nao kanisani.

Kadi mpya nimeiweka juu ya meza ya jikoni. Jana tiki moja, ya zile mara tisa. Leo asubuhi tiki moja, ya mara kumi na moja. Mami aliweka kikombe chake juu yake bila kuangalia, na doa la chai likabaki, la mviringo, pembeni kabisa. Nilichukua kitambaa nilifute.

Nikaliacha.