Msumeno Uliolazwa Mzenga

Picha ya Ndege,
Kibaha.
18 Novemba 2024

Mpendwa Doto, pacha wangu,

Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na shemeji Ambokile na mwanangu Atupele, na kwamba baridi ya huko Kanada haijawagandisha. Mguu wako uliokuwa unavimba unaendeleaje? Atupele bado anagomea ugali? Mimi ni mzima. Sukari imeshuka. Goti linalia kama bawaba, lakini linapanda ngazi za ofisi kila siku, nami nalifuata.

Simu ya mwisho uliniuliza naishije peke yangu tangu Bertha aondoke, na kama si afadhali nirudi Nzega kwa kaka Masele. Nikasema niko salama, mtandao ukakatika, nikaushukuru mtandao. Swali lako lipo kwenye foleni, litajibiwa. Kwanza kuna habari kubwa.

Kama umekaa, naomba usimame. Kwa heshima na taadhima, napenda kuutangazia ukoo wote, walio Nzega, walio Geita na waliojificha ughaibuni, kwamba kuanzia mwezi uliopita mimi Kulwa, mhamisha mafaili wa miaka mingi, ni mmiliki halali wa msumeno wa mnyororo. Ni wa injini, umetumika, una rangi ya chungwa iliyobabuka. Mgeni rasmi hakutokea. Mnaweza kukaa.

Utauliza wa nini. Ule mti wa mkungu alioupanda Bertha mbele ya nyumba umenenepa, na tawi moja lilikuwa limelala juu ya bati la chumbani. Upepo ukivuma linagonga. Mvua za vuli zilikuwa zinakaribia, nikaogopa bati litatoboka. Ningeweza kumwita mtu akate, najua. Lakini mkungu ukikatwa leo mwakani umeshachipua, nikaona mwenye mti wake bora awe na msumeno wake.

Nilianzia Maili Moja. Jamaa mmoja akanionyesha mashine kubwa, imepakwa rangi mpaka inang'aa kama gari la bwana harusi. Nilibakiza kidogo tu kuichukua, kwa sababu ya rangi. Shemeji ndiye aliyeniokoa kwenye simu. Alisema rangi mpya kwenye chuma cha zamani ina jambo inaloficha. Mtu wa kukata matawi mara chache kwa mwaka atafute mashine ndogo, iliyotumika na mwenye shamba, asichukue iliyochoshwa na wapasua mbao. Na zaidi ya yote, niiguse injini kabla haijawashwa, maana muuzaji wa mashine ngumu kuwaka huiamsha mapema ili mteja akifika iwake kirahisi. Nikayashika maneno hayo kama katekisimu.

Ofisini wakanielekeza kwa mtu wa rika letu anaitwa Jabiri, mkulima wa korosho kule Mzenga, Kisarawe. Alikuwa na mashine ndogo ya kupogolea mikorosho yake. Jumapili baada ya misa nikachukua bodaboda kutoka Mlandizi, nikafika nimejaa vumbi hadi kwenye kope. Jabiri alikuwa uani, mkewe Swaumu anachambua mchele, na mashine iko juu ya gogo. Sikusalimia hata vizuri, nikaenda moja kwa moja kuigusa injini. Ya moto.

"Umeshaiwasha," nikamwambia, kwa sauti ya hakimu.

Akanitazama. "Gusa na jiwe lile."

Nikaligusa. La moto.

"Na hilo nimeliwasha? Mashine iko juani tangu asubuhi inakusubiri wewe. Kwani unatoka wapi, mtu unayeingia nyumba za watu na kupapasa vitu?"

Nikasema natoka Nzega. Ungeuona uso wake, Doto. "Swaumu," akaita, "acha hiyo kazi uje uone. Tumeletewa Mnyamwezi."

Biashara ikaishia hapo, utani wa Wazaramo na Wanyamwezi ukashika nafasi. Akasema babu zetu walipita njia ile na mizigo kichwani, kwa hiyo na mimi mashine nitaibeba hivyo hivyo mpaka Kibaha. Nikamwambia Wazaramo waliwaona wakipita na hawakupokea hata furushi moja, walikuwa ngomani. Akauliza kama mke wangu ameniruhusu kununua chuma hicho. Nikasema alifariki, Pasaka ya mwaka jana.

Unajua watu wanavyokuwa nikisema hivyo. Wanainamisha kichwa, wanasema pole, wanatafuta pa kwenda. Jabiri alinipima kutoka viatuni hadi kwenye upara.

"Alikuchoka," akasema. "Ningekuwa yeye ningeondoka mapema zaidi. Na mkamzika bila Mzaramo wa kuwachekesha? Mazishi gani hayo."

"Wewe Jabiri," Swaumu akamkemea.

Lakini mimi nilikuwa nacheka. Nilicheka mpaka nikakaa chini, machozi yakanitoka, na sikujua yalikuwa ya upande gani.

Tukala wali wa nazi huku mashine ikipoa kivulini. Kisha nikaivuta kamba mwenyewe. Ilikaza vizuri mkononi, ikawaka bila matatizo, nilipobana breki mnyororo ukasimama, na oili haikuvuja. Tukaandikishana mbele ya mwenyekiti wa kijiji na kwa afisa misitu, kama inavyotakiwa. Jumamosi moja baadaye Jabiri akaja Kibaha kunifundisha kuchanganya petroli na oili. Aliyelikata tawi ni yeye, mimi nilishika kamba na kupokea matusi. Akamaliza kuku wangu, na kwa haki ya utani akaondoka na mwavuli wangu.

Kwa sasa mashine haipo hapa. Ilianza kusumbua kuwaka, nikairudisha Mzenga, na imelazwa huko. Kila Jumapili nakwenda kumwangalia mgonjwa. Shemeji aliposikia inaumwa akasema atanitafutia mpya. Mshike mkono kwanza.

Mwanangu Evodius yuko Geita, mzima, simu yake inapatikana yenyewe ikipenda. Kaka Masele anakusalimu na anasema chumba changu Nzega kimepakwa chokaa. Jirani yangu Kidawa naye anakusalimu, na bado anaisubiri ile picha ya theluji uliyomwahidi. Msalimie shemeji, na umbusu Atupele hata kama ameshakuwa mkubwa na hataki.

Nilitaka niishie hapo. Tatizo ni kwamba tulilala tumbo moja, na ukifika kwenye yale maneno ya mashine kusumbua utanijua tu. Kwa hiyo acha niseme ilivyokuwa.

Lile tawi halikuwa linaharibu bati. Lilikuwa linagonga, tena taratibu, kama mtu mwenye adabu. Nami nilikuwa naitika "karibu". Mara ya kwanza nilijisahau. Baadaye nilijua kabisa kuwa ni tawi, na bado nikawa naitika. Siku moja Kidawa akanisikia kutoka upande wa pili wa ukuta, akauliza nimepata mgeni gani. Ndipo nikaanza kutafuta msumeno.

Tawi likaondoka. Upepo ukaja, bati likanyamaza. Hilo sikuwa nimelipigia hesabu. Jumapili nikaitia mashine kwenye gunia, nikampelekea Jabiri, nikamwambia inagoma kuwaka. Haikuwa na ugonjwa wowote. Akavuta kamba mara moja tu, ikanguruma, kuku wote wakatawanyika.

Nikasimama pale nikisubiri tusi langu. Nilikuwa nimempa tusi la kumtosha mpaka uzeeni: Mnyamwezi aliyesafirisha mashine nzima kuja kuwashiwa. Jabiri aliizima, akaweka kiganja juu ya injini kama nilivyofanya mimi siku ile, akakaa hivyo kidogo, kisha akatikisa kichwa.

"Mbovu hii," akasema. "Iache hapa. Ugonjwa wake haueleweki, haiponi leo wala mwezi huu. Utakuwa unakuja Jumapili kuiangalia."

Halafu akamwambia Swaumu aongeze mchele.

Basi hilo ndilo jibu lako. Siko salama kama nilivyosema. Nyumba ni kubwa, mimi ni mmoja, na jioni nawasha redio kabla sijavua viatu. Lakini Nzega sirudi kwa sasa, mwambie kaka asinisubiri. Na mwambie shemeji, kwa upole, asinitumie mashine mpya. Hii mbovu inanitosha.

Mungu awafunike kwa blanketi zito kuliko yote ya huko.

Ni mimi, niliyekutangulia duniani na ninayekupenda tangu kabla hujafika,

Kulwa